Dakika Kumi na Moja za Mwisho

Filamu iliitwa Kifungo cha Nane.
Mimi, Tsiala, ndiye niliyekuwa nikiiendesha
katika sinema ya jirani na stesheni, Kutaisi,
baridi ile umeme ulipokuwa mgeni wa haraka:
huingia saa kumi na mbili jioni,
saa mbili kasorobo keshachukua koti lake.
Filamu ni dakika mia na kumi na sita.
Piga hesabu mwenyewe.

Siku ya kwanza watu kumi na wanne. Ya pili, tisa.
Walilipa walichonacho: yai, nusu mshumaa,
kuni mbili za mjozi.
Walikaa na kofia zao kichwani, pumzi zikipanda kwenye mwale wa projekta,
hata uso wa muuaji ukawa kama umefuka
kutoka vinywani mwao.

Askari ni Varlam, mpelelezi, miaka hamsini na miwili, goti bovu.
Koti lake limepungua kifungo kimoja
na hakuna anayekitaja. Mimi niligundua siku ya nne.
Muuaji anaua washona nguo. Sita. Saba.
Kila maiti, koti limefungwa vizuri mpaka shingoni
ila pale uzi ulipokatwa.

Gazeti la mji mkuu liliipa mistari mitatu:
inakokota; askari mzee mno; haina muziki.
Kweli haina. Zile mbio juu ya mabehewa ya makaa
husikii ila mabati na mapafu,
na Varlam anasimama katikati, kashika magoti, anatema mate,
kisha anakimbia tena
kama mtu aliyekumbuka jiko kaliacha linawaka.
Nimeona filamu nyingi za kurukiana na kupigana.
Ni hii tu iliyonitia kichomi.

Halafu giza.
Kila jioni palepale: Varlam mbele ya ghala,
mkono kwenye kitasa,
pap.
Hakuna aliyepiga mbinja. Waliinuka wakipapasa viti,
wakaenda kwao kwa njia zisizo na taa
na muuaji hajakamatwa.
Ng'ambo ya Rioni bunduki zililia, za kweli,
zisizo na mpelelezi.

Mzee Besarioni, fundi wa saa, alinishika mkono ngazini:
"Binti, anamkamata?"
Nikamwambia: mwizi wa vifungo kaenda kifungoni, lala salama.
Kesho yake mjane wa daktari akauliza vilevile.
Nikamwambia anampiga risasi tatu,
maana ndivyo macho yake yalivyoniomba.
Wiki ile niligawa miisho mitano,
nami sikuwa nimeuona hata mmoja.

Jumapili nikalibeba gurudumu la mwisho hadi dirishani,
nikalikunjua pima kwa pima,
vipicha vidogo kama stempu, theluji ikiwa taa yake.
Ghala. Meza. Kopo la chai.
Ndani ya kopo, vifungo. Nikavihesabu kwa ncha ya ukucha.
Vinane.
Maiti saba.
Nikakimbilia gurudumu la kwanza: dakika ya tatu, ndani ya tramu,
mtu anampiga Varlam kikumbo kidogo,
anamwomba radhi.

Risasi hakuna. Varlam anamtia pingu
mtu yule mfupi, mwenye mafua,
na mlangoni mwa gari mkono wa askari unapanda
(vipicha ishirini na vinne, sekunde nzima)
unatua juu ya utosi wa muuaji
asije akajigonga.

Nilikaa pale mpaka vidole vikafa ganzi.

Jioni nikamfuata Besarioni. Nikamwambia nilimdanganya,
nikamweleza ule wenyewe, na kopo, na kiganja.
Alinyamaza kwa muda wa kujaza saa ya ukutani.
"Kwa nini amkinge?"
Sijui, nikasema.
Umeme ukakatika.
Nikamsikia akishuka ngazi zetu zenye boriti la chini,
hatua, hatua;
nikawasha kiberiti kumwonyesha njia
nikamwona, kiganja juu ya kofia yake.